Bombay: Mfupi aliyesajili miraba minne ya benchi

KWENYE mpira wa kikapu wa kimataifa, pivoti akifikisha faulo ya tano anatoka na harudi tena. Hapo kocha anageuka kutazama benchi. Akikuta majitu marefu yasiyo na pumzi wala roho ya kazi, mechi imekwisha. Soka nalo ni hivyo hivyo. Beki kisiki akiumia dakika ya 70, timu inaokolewa na yule aliyesajiliwa bila shangwe uwanja wa ndege.

Zaidi ya miaka 150 iliyopita, kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji, kazi hii ya kuchagua watu wa akiba aliijua vizuri jamaa mmoja mfupi, mwembamba, mwenye meno yaliyoachana. Jina lake Sidi Mubarak Bombay.

Alikuwa Myao, aliyezaliwa miaka ya 1820 hivi. Akiwa bado mtoto alitekwa, akafikishwa Kilwa, akauzwa na kuvushwa bahari hadi India. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Zanzibar na kuingia jeshi la Sultani. Mwaka 1857 Waingereza Burton na Speke walimkuta kwenye ngome ya Chogwe, jirani na Pangani, wakamchukua. Alianzia chini kabisa, mbeba bunduki wa Speke. Mkuu wa msafara alikuwa Said bin Salim.

Novemba 7, 1857 waliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Hapo Bombay akakutana na tatizo ambalo lingemfuata maisha yake yote. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na kwa desturi mkataba wao uliishia hapo nyumbani. Mtu amebeba kilo 30 hivi begani kutoka pwani, amefika kwao, ana mke na shamba vinamsubiri. Huwezi kumlaumu. Lakini mwenye msafara anabaki na marobota ya nguo na shanga chini, hana wa kuyainua. Ni sawa na nusu ya kikosi kumaliza mikataba katikati ya ligi, wakati mechi ngumu bado zipo mbele.

Safari ile iliendelea. Bombay alifika Ujiji, kisha Agosti 1858 alikuwa na Speke walipoliona Ziwa Victoria.

Mwaka 1860 Speke alirudi, safari hii na Grant, na Bombay alikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kusajili watu Zanzibar. Msafara uliondoka na watu zaidi ya 200. Walipofika Tabora Januari 1861, wengi walikuwa wametoroka, tena na malipo ya awali mfukoni. Kibaya zaidi, Waarabu wa Tabora walikuwa vitani na Manwa Sera, mtemi waliyemng'oa Unyanyembe, na wapagazi wapya hawakupatikana kirahisi. Said bin Salim akaugua, akabaki nyuma. Mbeba bunduki wa jana akavishwa kitambaa cha unahodha.

Waliovumilia hadi mwisho, wakateremka na Mto Nile kufika Cairo mwaka 1863, walikuwa ishirini na kitu tu. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa Bombay medali ya fedha.

Somo hilo lilionekana mwaka 1871. Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alikuwa akimtafuta Livingstone. Alimfanya Bombay nahodha wa askari wake na kumpa wenzake wachache wa enzi za Speke. Kikosi kilikuwa kidogo, akamtaka aongeze watu. Bombay alileta wanaume 18, wengi Wayao, wengine Wanyamwezi. Walikuwa miraba minne haswa, lakini sifa aliyoitanguliza ilikuwa nyingine. Aliwachukua watu anaowajua, ambao aliamini hawatakimbia, na akawadhamini yeye mwenyewe.

Udhamini huo ulipimwa Tabora. Agosti 1871 Stanley aliungana na Waarabu kumpiga Mirambo. Mirambo akawavizia huko Wilyankuru na kuwatawanya, na baadaye akaishambulia Tabora yenyewe. Stanley alikwama Kwihara wiki kadhaa akihesabu nani amebaki. Septemba akachepuka njia ya kusini.

Bombay naye hakuwa malaika. Oktoba, kando ya Mto Gombe, watu walichoka, wakagoma wakitaka kupumzika zaidi. Stanley aliamini nahodha wake yumo kwenye mgomo, akamchapa na kumfunga minyororo. Aliyedhamini wenzake ndiye aliyekula kipigo. Hata hivyo Novemba msafara uliingia Ujiji, na Livingstone akapatikana.

Mwaka 1873 Bombay alirudi tena Tabora, akiongoza msafara wa Cameron. Homa na utoro vikawapunguza. Oktoba wakiwa hapo, Chuma na Susi wakaingia na mwili wa Livingstone wakiupeleka pwani. Cameron akasonga mbele, na Novemba 1875 kikosi cha Bombay kikatokea Bahari ya Atlantiki, upande wa pili wa bara.

Mwaka 1876 alipewa pensheni, na mwaka 1885 akafariki. Vitabu vingi viliwapa Wazungu sifa ya mabao. Pasi zilitoka kwake.

Tembe la Kwihara, alikokwama Stanley, lipo hadi leo nje kidogo ya mji wa Tabora, na ni makumbusho. Timu inayokwenda kucheza Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi ikipata saa mbili za bure, kocha awapeleke wachezaji wake wa akiba wakaone. Wale wa kikosi cha kwanza wanaweza kulala hotelini.