Peter Jackson, bingwa aliyekimbiwa

Wasomaji wetu, batu wakipanga mabingwa wa ngumi nzito wa zamani, wale wa mbele ya 1900, wanaanza na John L. Sullivan. Sisi tunamutanguliza Peter Jackson, mutu mweusi wa kisiwa cha Saint Croix. Alikuwa baharia, akajifunza ngumi kule Australia, na mwaka 1886 akawa bingwa wa inchi ile yote. Halafu akavuka bahari mpaka Marekani kumutafuta Sullivan. Sullivan akakataa: yeye hapigane na mutu mweusi. Ni ile tu, hakuna sababu ingine.

Basi tarehe 21 Mei 1891, mu San Francisco, Jackson akapigana na James Corbett raundi 61! Mwisho bote wawili walibaki wanazungukana tu, nguvu zimekwisha, mwamuzi akasimamisha bila mshindi. Mwaka uliofuata, Corbett huyo huyo alimuangusha Sullivan mu raundi ya 21, akawa bingwa wa dunia. Sasa ninyi mupime wenyewe.

Jackson hawakumupa ile nafasi hata siku moja. Kifua kikuu kilimuua 1901, na miaka 40. Kaburi lake liko Brisbane.