Payton: Mgonjwa aliyevunja rekodi

NOVEMBA 20, 1977, Walter Payton aliingia uwanjani Soldier Field, Chicago, akiugua homa ya mafua. Hata hivyo, alibeba mpira mara 40 na kukimbia yadi 275, rekodi ya mechi moja katika ligi ya kandanda ya Kimarekani, NFL. Chicago Bears wakawalaza Minnesota Vikings 10-7. Rekodi hiyo ilidumu hadi 2000.

Mzaliwa huyo wa Mississippi alikosa mechi moja tu katika misimu 13. Lakini Februari 1999 alitangaza kuwa anahitaji ini jipya. Saratani ikamfungia njia ya kupandikizwa. Miezi iliyosalia aliitumia kuwahimiza Wamarekani kujitolea viungo vyao wafapo, ingawa yeye hangenufaika tena. Alifariki Novemba 1, 1999.