Fundi wa redio asiyejua kupiga gitaa

Wapigaji gitaa wa Mombasa, Lamu na Unguja wanalijua jina la Fender, kwani huliona limeandikwa kwenye magitaa na amplifaya. Mwenye jina hilo ni wachache wanaomfahamu. Nimeona leo nieleze habari zake kwa sababu nilipokuwa nikifanya kazi Turkana, vijana wa Lodwar na Kakuma walikuwa wakiniuliza swali moja: anayetaka kurekodi gitaa chumbani mwake anunue amplifaya ya namna gani? Mmoja wao alikuwa tayari kukopa fedha ili apate ya wati 100. Jawabu nililompa nimelitoa katika maisha ya bwana huyu.

Clarence Leonidas Fender, ambaye watu walimwita Leo, alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 katika shamba la machungwa karibu na mji wa Fullerton, California, Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka minane alipoteza jicho moja kwa maradhi, akawekewa la kioo. Alisomea uhasibu akawa karani wa mahesabu, lakini katika miaka ya 1930, uchumi wa dunia ulipoanguka, kazi ikamtoka. Mwaka 1938 alikopa dola 600 akafungua duka la kutengeneza redio.

Dukani hapo ndipo wanamuziki walipoanza kumletea vyombo vyao vilivyoharibika. La ajabu ni kwamba Fender hakujua kupiga gitaa, wala hakujifunza mpaka kufa kwake. Basi ilimlazimu kuwasikiliza wanaojua. Alikitengeneza chombo, akampa mpigaji akijaribu, kisha akarudi nacho mezani kukirekebisha. Mwaka 1946 aliunda kampuni iliyobeba jina lake, na mwaka 1954 ikatoa gitaa la Stratocaster, lililoenea dunia nzima.

Lakini mimi hapa nataka kazi yake nyingine. Mwaka 1948 alitoa amplifaya ndogo kwa ajili ya wanafunzi, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Champ. Ndani yake mlikuwa na valvu tatu, yaani zile taa za kioo za redio za zamani, na moja tu ndiyo iliyosukuma spika. Nguvu yake ilifika kama wati 5.

Mwaka 1970 Mwingereza Eric Clapton alikwenda Miami kurekodi wimbo wa Layla. Jina hilo alilichukua katika kisa cha Laila na Majnuni, kisa cha Waarabu ambacho Nizami wa Ganja alikitunga kwa mashairi ya Kiajemi katika karne ya 12. Katika kazi ile magitaa yalipitishwa kwenye amplifaya ndogo za Fender, Champ ikiwa mojawapo. Msikilizaji hadhani hata kidogo kwamba ni chombo cha mwanafunzi.

Sababu yake ni hii. Valvu ikisukumwa karibu na mwisho wa uwezo wake, sauti huwa nene na yenye mkwaruzo mtamu. Amplifaya ya wati 50 haifiki hapo mpaka mtaa uzibe masikio. Ya wati 5 hufika mapema. Wala kelele za wati 50 hazizidi mara kumi kama wengi wanavyodhani: sikio huzisikia kama maradufu tu ya wati 5. Na maikrofoni iliyo shibiri moja mbele ya spika haijui ukubwa wa sanduku.

Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, ina nyumba zilizobanana, Msomali, Mkongo na Msudani wakitenganishwa na ukuta mwembamba. Mpigaji mwenye adabu hapendi adhana imkute akinguruma, wala mgonjwa wa jirani akose usingizi. Hata wati 5 zikifunguliwa zote hupenya ukuta huo. Kwa chumba kama hicho wati 1 yatosha. Aielekeze spika kwenye godoro, lakini asiifunike amplifaya, kwani valvu ni moto na joto la Turkana si dogo.

Tena ahesabu umeme. Wati 5 ni za sauti tu. Kuzipasha moto valvu tatu za Champ pekee kwataka wati 15 hivi, na mwenye betri ya umeme wa jua lazima alijue hilo. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120, na bila transfoma itaungua kwenye volti 240 za Kenya. Asiifungue asiye fundi: ndani mna volti zaidi ya 300, ambazo huweza kubaki hata baada ya kuzimwa.

Yule kijana hakukopa.

Fender naye aliuza kampuni yake mwaka 1965 kwa dola milioni 13, akidhani maradhi hayatampa muda mrefu. Alipona, akarudi kazini akiwa tajiri asiyehitaji kufanya kazi. Hata maradhi ya Parkinson yalipomshika aliendelea kwenda karakana. Alifariki tarehe 21 Machi 1991, akiwa na umri wa miaka 81, na siku iliyotangulia alikuwa amekwenda kazini kama kawaida yake.