Abdulwahid Sykes: Bwana soko wa Kariakoo aliyeongoza kwa kuuliza

SOKO la Kariakoo limepata wasimamizi wengi tangu enzi za mkoloni. Mmoja wao ni Abdulwahid Sykes, aliyekuwa bwana soko katika miaka ya 1950. Wanahistoria wanamkumbuka kuliko wafanyabiashara, lakini maisha yake yana somo kwa mwenye duka, kiongozi wa kikundi cha wakulima na mwenyekiti wa ushirika. Somo lenyewe ni kwamba kiongozi mzuri huuliza, husikiliza, kisha huwalea wengine waweze kuifanya kazi hata yeye asipokuwapo.

Sykes alizaliwa mwaka 1924 Gerezani, Dar es Salaam. Baba yake, Kleist Sykes, alikuwa mfanyakazi wa reli na katibu wa kwanza wa African Association, iliyoanzishwa mwaka 1929 na baadaye kujulikana kama TAA. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, kijana huyo aliingia jeshi la KAR na kupelekwa Burma.

Aliporudi aliikuta Dar es Salaam yenye manung'uniko. Mwaka 1947 makuli wa bandarini waligoma na mgomo ukasambaa hadi kwenye reli. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940 Sykes akawa katibu wa chama chao. Katibu wa chama cha makuli hawezi kukaa mezani akatunga madai kutoka kichwani. Lazima ajue ujira wa kutwa ni kiasi gani, nani huajiriwa na nani huachwa getini, na aliyeumia kazini hufanyiwa nini. Mambo hayo huyajua yule anayebeba gunia, na hana budi kuulizwa.

Mwaka 1950 Sykes alichaguliwa katibu wa TAA, rais akiwa Dk. Vedasto Kyaruzi. Chama kiliunda kamati ndogo ya siasa, na hapa ndipo mwenye biashara anapaswa kutazama kwa makini. Wajumbe hawakuwa watu wa aina moja. Alikuwamo daktari Kyaruzi, mwanazuoni Sheikh Hassan bin Ameir, mfanyabiashara John Rupia na ofisa ustawi wa jamii Hamza Mwapachu. Kila mmoja alijua jambo ambalo mwenzake hakulijua. Serikali ilipokuwa ikikusanya maoni juu ya katiba, TAA iliwasilisha mapendekezo yake kwa maandishi.

Wakulima nao walikuwa na kilio chao. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alilipeleka shauri hilo Umoja wa Mataifa. Kuanzia hapo ilidhihirika kwamba malalamiko ya kijiji kimoja yanahitaji chama cha nchi nzima.

Lakini TAA ilikuwa na udhaifu ambao biashara nyingi ndogo zinao hadi leo: ilitegemea watu wachache mno. Viongozi kadhaa walikuwa watumishi wa serikali, na serikali ingeweza kuwahamisha wakati wowote. Dk. Kyaruzi alihamishwa kutoka Dar es Salaam. Mwapachu alipelekwa Ukerewe. Sykes akabaki akikaimu urais wa chama kilichopungukiwa watu.

Angeweza kung'ang'ania kiti, maana jina la baba yake lilikuwa kubwa na mji aliujua. Badala yake aliendelea kutafuta. Inasimuliwa kwamba alisafiri hadi Ukerewe kumuuliza Mwapachu juu ya mwalimu mmoja wa Pugu aliyerejea kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952. Mwalimu huyo alikuwa Julius Nyerere. Sykes alimkaribisha nyumbani kwake Kariakoo na kumkutanisha na wazee na wanaharakati wa mji, ambao Nyerere alikuwa bado mgeni kwao.

Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglo, Nyerere alichaguliwa rais wa TAA na Sykes akawa makamu wake. Wengi wakishindwa uchaguzi hususa, au huondoka na kuanzisha kikundi chao. Sykes alibaki. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, alikuwa miongoni mwa waasisi, na kadi yake ilikuwa namba 3. Nyerere alipolazimika kuacha ualimu mwaka 1955, alipata hifadhi kwa familia ya Sykes.

Wakati huo Sykes alikuwa bwana soko. Soko ni mahali ambapo mkulima, mchuuzi, dalali na mteja hukutana kila siku, na ofisi yake ikawa kituo cha watu wa siasa. Miaka 7 baada ya TANU kuundwa, nchi ilipata uhuru. Sykes hakuwa waziri. Alifariki dunia Oktoba 1968, akiwa na umri wa miaka 40 na ushei.

Mfanyabiashara au mkulima afanye nini na habari hii? Kwanza, kabla ya kumkaripia kijana wa duka kwa bidhaa kutouzika, muulize wateja wanaulizia nini na wanaondoka kwa sababu gani. Pili, kikundi cha wakulima kisiwe na mtu mmoja tu anayejua bei, mnunuzi na mahali pa kupata usafiri. Akiugua yeye msimu wa mavuno, wote mtauza kwa hasara. Tatu, mweke mwenzako mbele ya wanunuzi na watu wa benki ungali hai, wamzoee. Tunda la kazi hiyo huonekana siku unapolazimika kufunga safari, na duka likafunguliwa saa ile ile.