Jon Postel, mtu wa kanuni za mashine



Kwenye shimo, hakuna mwenye kuvuta kamba mbele ya mwenzake wa chini kujibu. Kuna mtu aliyepigania jambo hilohilo kati ya ordinatere na ordinatere.

Jon Postel alizaliwa tarehe 6/8/1943 kule Altadena, California. Mwaka 1969 alikuwa mwanafunzi wa UCLA, Los Angeles. Tarehe 29/10 usiku, mwenzake wa maabara, Charley Kline, alijaribu kuingia kwa waya ndani ya ordinatere ya Menlo Park, mbali sana. Alitakiwa kuandika neno LOGIN. Kwa simu walikuwa wanahakikisha kila herufi. L ikafika, O ikafika, kwa G mashine ya kule ikaanguka. Walirudilia, na karibu saa moja nyuma wakafaulu.

Kwa miaka 28 Postel alitunza karatasi za kanuni za intaneti, zenye kuitwa RFC. Mwezi wa 5/1983, yeye na Joyce Reynolds wakatoa kanuni za Telnet, njia ya kufanya kazi ndani ya mashine ya mbali. Ndani mlikuwa alama ya kumuambia mwenzako kama ni zamu yake. Lakini mashine mingi zikaiacha, na kila moja ikaomba jina na neno la siri kwa namna yake.

Hiyo shida sisi pia ilitupata hapa Bunia. Programu ya sendika yetu ilikuwa inatuma liste ya michango kila usiku. Ilikuwa inahesabu sekunde tatu tu, kisha inaandika. Siku moja rezo ikachelewa: jina likapotea, neno la siri likaandikwa pahali pa jina na kubaki wazi mbele ya macho ya watu. Liste haikufika. Mama mjane akakuja kuomba msaada wa maziko, jina la bwana wake halikuonekana.

Postel alifundisha kama mashine inapaswa kupokea kwa uvumilivu na kutuma kwa uangalifu. Njo vile tulitengeneza programu. Sasa inasoma mpaka ione ombi lenyewe mwisho wa mstari, hata likiandikwa namna mbalimbali. Neno login katikati ya salamu halitoshi, juu mashine mingi zinaliandika tena kisha kuingia, kwa kuonyesha mara ya mwisho uliingia. Muda ukipita bila ombi, inasimama, haitume kitu, inatujulisha. Na tuliacha Telnet, kwa sababu inapitisha neno la siri bila kulificha. Tunatumia SSH na ufunguo.

Postel alikufa Los Angeles tarehe 16/10/1998, na miaka 55, kisha kupasuliwa moyo. Wenye kutunza liste za wenzetu, muangalie programu zenu: zinangojea jibu, ao zinahesabu sekunde tu?