Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyewatibu watoto wa ukanda wa ziwa

WAZAZI wengi wa hapa Majanji wanaolijua jina Burkitt wanalijua kama jina la ugonjwa. Ndilo neno linaloandikwa kwenye barua ya rufaa mtoto anapovimba taya, meno yakaanza kulegea, na daktari akasema safari ni ya Mulago. Hata mimi nililikuta hivyo hivyo vitabuni nilipokuwa nikisoma uhamishoni, ng'ambo ya mpaka. Hakuna aliyetuambia kwamba Burkitt alikuwa mtu, tena mtu aliyefanya kazi yake kubwa huku kwetu nyumbani.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland, tarehe 28 Februari 1911. Alipokuwa na miaka 11, jiwe lililorushwa na mtoto mwingine lilivunja miwani yake na akapoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, kisha akageukia udaktari na kufuzu mwaka 1935. Alipoomba kazi katika makoloni ya Afrika alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomleta Afrika Mashariki, akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akapewa kazi Lira. Miaka miwili baadaye alihamishiwa Mulago kama daktari wa upasuaji.

Mwaka 1957 aliitwa na daktari mwenzake, Hugh Trowell, amwangalie mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba kila upande, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Muda mfupi baadaye, akiwa ziarani katika hospitali ya Jinja, alitupa macho nje ya dirisha akamwona mtoto mwingine ameketi nyasini na mama yake, uso ukiwa umevimba vile vile. Alipompima alikuta na uvimbe tumboni.

Mtoto mmoja angeweza kuwa ajabu tu. Wawili walimfanya aanze kufungua mafaili ya wagonjwa. Aligundua kwamba uvimbe wa taya, wa figo na wa tumbo, ambao madaktari waliuandika kama magonjwa tofauti, ulikuwa saratani moja. Alichapisha habari zake mwaka 1958. Kumbe hata Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameacha kumbukumbu za watoto wa aina hiyo.

Oktoba 1961 Burkitt aliondoka Kampala na rafiki zake wawili, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva kule West Nile na Cliff Nelson, ndani ya gari kuukuu la Ford. Walisafiri wiki kumi, maili 10,000 hivi, hadi Johannesburg na kurudi, wakisimama hospitali hadi hospitali na picha za watoto mkononi, wakiuliza kama wamewaona wengine kama hawa. Walikuta kwamba ugonjwa unafuata nchi za joto na mvua, ambako mbu wa malaria hawana likizo. Katika nyanda za juu zenye baridi ulikuwa adimu. Sisi wa ufuoni, kuanzia hapa Majanji hadi Sio Port na Port Victoria, tumo katikati kabisa ya ukanda huo. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake huko London wakapata kirusi ndani ya uvimbe uliotumwa kwa ndege kutoka Uganda. Leo inafahamika kwamba kirusi hicho na malaria ya mara kwa mara hushirikiana kuuleta ugonjwa huu.

Lakini sehemu ya maisha yake inayotuhusu zaidi sisi wenye watoto ni ile ya dawa. Upasuaji haukusaidia, maana uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mashine za mionzi Uganda haikuwa nazo. Basi Burkitt, daktari wa kisu, aliweka kisu chini na kujaribu dawa alizopata kupitia wataalamu wa New York, akiwemo Joseph Burchenal: kwanza methotrekseti, baadaye siklofosfamidi na vinkristini. Alitoa dozi ndogo kwa sababu dawa zilikuwa chache na hakuwa na vifaa vya kumlinda mtoto dhidi ya ukali wake. Taya zilianza kunywea baada ya siku chache. Baadhi ya watoto waliopata dozi moja au mbili tu walipona moja kwa moja.

Habari hiyo ni tamu, nami naiona pia kuwa ya hatari ikisimuliwa nusu. Wengine wengi uvimbe uliwarudia. Mwaka 1967 kituo maalumu kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano wa Makerere na Wamarekani, kikiongozwa na John Ziegler, na hapo ikathibitika kwamba dawa kadhaa kwa pamoja, kwa awamu zilizopangwa, ndizo zinazookoa watoto wengi zaidi. Wamarekani walipoondoka enzi za Amin, Charles Olweny alikishika kituo. Ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Nayasema haya kwa sababu ya mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa mchuuzi wa mukene. Baada ya awamu ya pili taya ilikuwa imerudi kawaida, lakini nywele zilikuwa zimekwisha na mdomo umejaa vidonda. Nyanya yake alisema dawa inamuua, na mama akaacha kwenda Kampala. Wiki tatu baadaye uvimbe ulikuwa umerudi. Ilibidi waanze upya, na safari hii dawa zilikuwa kali zaidi.

Laiti mama yule angeelezwa mapema. Nywele huota tena. Vidonda vya mdomoni huletwa hasa na methotrekseti. Mtoto husukutua mara kwa mara kwa maji safi yenye chumvi kidogo, hupewa uji uliopoa badala ya chakula cha moto au chenye pilipili, na akishindwa kabisa kumeza anarudishwa hospitali. Siklofosfamidi huchoma kibofu, kwa hiyo mtoto anywe maji mengi kadiri daktari alivyoagiza na akojoe mara kwa mara, hata usiku aamshwe. Mkojo ukiwa mwekundu, ni kwenda hospitali. Kutapika kuna dawa yake, nayo hutolewa kabla hajaanza kutapika. Vinkristini, iliyotokana na ua la Madagaska ambalo wengi tunalipanda uani kwa urembo, hufunga choo na kufanya miguu na taya ziume. Waombe dawa ya kulainisha choo. Msimpige bomba, kwa kuwa kinga yake iko chini na jeraha dogo tu huingiza vijidudu kwenye damu.

Awamu ya kwanza nayo ina hatari yake. Uvimbe mkubwa ukiyeyuka kwa ghafla, taka zake huweza kuziba figo. Ndiyo maana mtoto hulazwa na kutundikiwa maji ya mshipani hata kama anaonekana mzima. Anayeomba ruhusa mapema ili awahi soko la Jumatatu anacheza na figo za mtoto.

Kubwa kuliko yote ni homa. Huku mpakani mtoto akipata joto tunakimbilia duka la dawa, tunanunua za malaria na panadol, tunalala. Kwa mtoto anayetumia dawa hizi, chembe nyeupe za damu huwa zimeshuka, na joto la nyuzi 38 ni dharura ya saa ile ile, si ya asubuhi. Panadol inaficha homa huku ugonjwa ukiendelea. Chukua boda boda, nenda hospitali iliyo karibu na barua yake mkononi, waambie yuko kwenye dawa za saratani. Iwe Busia ya huku au ya kule, usichague upande.

Burkitt mwenyewe aliondoka Uganda mwaka 1966. Huko Uingereza alishika jambo jingine kabisa: alikuwa ameona kwamba wanakijiji wa Afrika, walao vyakula vyenye makapi mengi, hawaugui ovyo magonjwa ya utumbo yaliyowajaa Wazungu, akazunguka dunia akihubiri habari za choo kikubwa na kilaini bila haya yoyote. Wasikilizaji walicheka, kisha wakaanza kula nafaka zisizokobolewa. Alifariki Uingereza tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82.