Frederick Banting

Sir Frederick Grant Banting (14 Novemba 1891 – 21 Februari 1941) alikuwa daktari mpasuaji na mtafiti kutoka nchini Kanada. Anajulikana hasa kwa kugundua insulini, homoni inayotumika kutibu kisukari, pamoja na Charles Best, John Macleod na James Collip. Mwaka 1923 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Macleod. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 32, na mpaka leo hakuna aliyepata tuzo hiyo ya tiba akiwa na umri mdogo zaidi.

Maisha ya awali

Banting alizaliwa shambani karibu na mji wa Alliston, jimbo la Ontario, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Alianza masomo ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1910, akashindwa mtihani wa mwaka wa kwanza, kisha mwaka 1912 akahamia udaktari. Kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza masomo yalifupishwa, akahitimu Desemba 1916 na kuingia mara moja katika kikosi cha matibabu cha jeshi la Kanada. Mwaka 1918 alijeruhiwa mkononi karibu na Cambrai, Ufaransa, akaendelea kuwahudumia majeruhi wenzake. Kwa hiyo alitunukiwa Nishani ya Msalaba wa Kijeshi.

Mwaka 1920 alifungua kliniki yake katika mji wa London, Ontario (usichanganywe na mji mkuu wa Uingereza). Wagonjwa hawakuja. Mapato ya mwezi wa kwanza yalikuwa dola 4 tu, ikambidi atafute kibarua cha kufundisha katika chuo kikuu cha mji huo.

Wazo la usiku

Tangu mwaka 1889 ilijulikana kwamba mbwa aliyeondolewa kongosho hupata kisukari kikali. Jambo hilo lilionyeshwa na Oskar Minkowski na Joseph von Mering mjini Strasbourg. Wataalamu wengi waliamini kwamba kongosho hutoa kitu fulani kinachotawala sukari mwilini, lakini waliojaribu kukitoa hawakufika mbali. Wakati huo mtoto aliyepata kisukari aliishi kwa kawaida mwaka mmoja au miwili, na tiba pekee ilikuwa kumnyima chakula ili kumchelewesha kufa.

Usiku wa kuamkia 31 Oktoba 1920, akijiandaa kufundisha, Banting alisoma makala kuhusu kongosho akakosa usingizi. Saa nane usiku aliandika wazo lake katika daftari: kufunga mirija ya kongosho la mbwa, kungoja wiki kadhaa mpaka sehemu inayotengeneza vimeng'enya inyauke, halafu kutoa dawa katika sehemu iliyobaki. Baadaye ilionekana kwamba kufunga mirija hakukuwa na ulazima wowote. Hata hivyo wazo hilo ndilo lililomfanya aondoke London na kwenda kumwona Profesa Macleod mjini Toronto. Macleod aliona kwamba kijana huyo hakuyajua vizuri maandishi ya waliomtangulia, lakini alimpa chumba, mbwa na msaidizi mwanafunzi, Charles Best.

Mbwa wa Toronto

Kazi ilianza Mei 1921 katika joto la kiangazi. Mwezi uliofuata Macleod alikwenda likizo Uskoti. Mbwa wengi walikufa kwa upasuaji na vidonda vilivyooza. Walipokwisha, watafiti hao walinunua wengine mitaani.

Tarehe 30 Julai 1921 mbwa mwenye namba 410 alidungwa dawa iliyotolewa katika kongosho la mbwa mwingine. Katika muda wa saa moja sukari ya damu ilishuka kutoka asilimia 0.20 hadi 0.12. Mbwa huyo hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mwezi wa Agosti alifuata namba 92, mbwa wa jamii ya kolli mwenye rangi ya manjano, ambaye aliishi karibu siku 20 bila kongosho. Watafiti walimpima sukari ya damu, walikusanya mkojo wake na kubadilisha kipimo cha dawa kulingana na majibu. Mbwa huyo aliwazoea, akawa kama mbwa wa nyumbani. Dawa ilipokwisha naye akafa, na Banting aliandika baadaye kwamba alilia akijificha uso. Mbwa aliyeishi muda mrefu zaidi aliitwa Marjorie, namba 33; sindano zilimweka hai kwa siku 70 hivi, hadi Januari 1922.

Tatizo kubwa lilikuwa upungufu wa dawa, kwa kuwa kumtunza mbwa mmoja kulihitaji kuua wengine. Hapa malezi ya shambani yalimsaidia Banting kuliko vitabu. Alijua kwamba wafugaji hupandisha ng'ombe kabla ya kuwapeleka machinjioni, hivyo ndama walio tumboni wangepatikana kwa urahisi, na kongosho zao zina vimeng'enya vichache. Baadaye walitambua kwamba hata kongosho la ng'ombe mzima linafaa likichujwa kwa alkoholi.

Leonard Thompson na ugomvi wa wagunduzi

Desemba 1921 aliongezwa Collip, mtaalamu wa kemia ya viumbe. Tarehe 11 Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa dawa iliyotengenezwa na Banting na Best. Matokeo yalikuwa hafifu, na mahali pa sindano palifanya jipu. Tarehe 23 Januari alipewa dawa iliyosafishwa na Collip, na sukari katika mkojo karibu ikatoweka. Thompson aliishi mpaka mwaka 1935.

Nyuma ya ushindi huo palikuwa na uhasama. Banting alimshuku Macleod kwamba anamnyang'anya kazi yake, na Collip alipokataa kueleza njia yake ya kusafisha dawa, walikaribia kupigana. Tuzo ya Nobel iliongeza moto: Banting alikasirika kwamba Best ameachwa, akamgawia nusu ya fedha zake, Macleod naye akagawana na Collip. Nicolae Paulescu wa Romania, aliyechapisha majaribio yake kwa mbwa mwaka 1921, hakupata kitu. Banting, Best na Collip waliuza haki za ugunduzi kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja.

Miaka ya mwisho

Serikali ya Kanada ilimpa Banting posho ya maisha, na mwaka 1934 alipewa cheo cha Sir. Hakugundua tena jambo la ukubwa ule. Alipenda kuchora, akasafiri na rafiki yake mchoraji A. Y. Jackson mpaka Aktiki mwaka 1927. Ndoa yake na Marion Robertson, waliyepata naye mtoto mmoja, ilivunjika mwaka 1932. Baadaye alimwoa Henrietta Ball. Katika Vita Kuu ya Pili alishughulikia afya ya marubani. Februari 1941 ndege iliyokuwa ikimpeleka Uingereza ilianguka Newfoundland, akafa kwa majeraha. Amezikwa Toronto. Siku yake ya kuzaliwa, 14 Novemba, huadhimishwa kama Siku ya Kisukari Duniani.

Insulini kwa mbwa na paka

Mbwa wa Banting walipata kisukari kwa kisu cha mpasuaji, lakini mbwa na paka hupata ugonjwa huo wenyewe pia, na leo hutibiwa nyumbani na wenye kuwafuga. Insulini ya nguruwe ni sawa kabisa na ya mbwa, na ya ng'ombe inakaribiana sana na ya paka. Kwa kawaida mnyama hudungwa chini ya ngozi mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, pamoja na chakula. Asipokula, hapaswi kupewa kipimo kizima kabla ya kumwuliza daktari wa mifugo. Dawa ikizidi, mnyama hulegea, hutetemeka na hata kupata degedege, kama Collip alivyoona kwa sungura wake mwaka 1922 na kuwaokoa kwa glukosi. Siku hizi asali kidogo hupakwa kwenye ufizi, kisha mnyama hupelekwa kwa daktari. Insulini nyingi za mifugo zina yuniti 40 kwa mililita, ilhali ile ya binadamu huwa na 100, kwa hiyo sindano ya chupa moja haitumiki kwa nyingine: insulini ya binadamu ikivutwa kwa sindano ya yuniti 40, mnyama hupata dozi mara mbili na nusu.